Sahihi Mbili za Mwalimu Verediana

“Mama yako alikuwa na sahihi mbili,” kijana wa masijala ya wilaya, Ngara, aliniambia, akaligeuza jalada ili nilione vizuri. “Hii hapa ni ya zamani, na hii ndiyo ya miaka yote iliyofuata. Sasa dada, sisi tushike ipi?”

Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike. Nilikuwa nimetoka Biharamulo alfajiri, nimeomba ruhusa ya siku moja tu shuleni kwangu, nikiamini karatasi za mirathi zitagongwa mihuri miwili mitatu na jioni nitakuwa nimerudi kusahihisha madaftari ya watoto. Jalada lilinuka harufu ninayoijua tangu nipate akili: karatasi iliyolala kwenye unyevu wa masika, vumbi la chaki, wino wa kalamu ya bei rahisi. Wenzangu huwakumbuka mama zao kwa moshi wa jikoni. Mimi wangu alinuka ofisi ya walimu, na pale kaunta, mbele ya kijana wa watu, machozi yalinitoka bila kupiga hodi.

Sahihi ya kwanza ilikuwa V kubwa yenye mkia uliopanda juu kuelekea kulia, umejipinda kama mkia wa jogoo. Ya pili haikuwa na madaha yoyote. Ilikuwa jina zima, Verediana, herufi moja moja za duara, vile mwalimu wa darasa la kwanza anavyoandika ubaoni ili hata mtoto mzito aelewe.

“Zote ni zake,” nikasema.

“Basi uandike maelezo kwa nini alibadili. Na ulete mtu aliyefanya naye kazi, athibitishe kwa mkono wake kwamba ni za mtu mmoja. Asiwe ndugu.”

“Waliofanya naye kazi wengi wameshatangulia.”

“Hata mmoja hayupo?”

Mmoja alikuwepo. Aliishi Nyakisasa, na hakuwa amempa mama yangu salamu tangu mimi nikiwa darasa la nne.

Kabla sijafunga jalada niliangalia tarehe. Barua ya mwisho yenye jogoo na barua ya kwanza yenye jina zima zilipishana siku tisa tu. Nikazihesabu tena kwa vidole, maana nilitaka nimekosea. Katikati ya siku hizo tisa nilikuwepo mimi na kidumu cha maji.

Wa rika langu mnakumbuka tulivyokwenda shule. Mkono mmoja kidumu, mwingine ufagio, daftari kwapani, na umande wa kilimani umekulowesha sketi mpaka magotini. Mimi sikutoka mbali, kwa sababu tuliishi kwenye nyumba ya mwalimu, hatua mia kutoka ofisini. Shule yetu ilikaa juu ya kilima upande wa Mugoma, na nyumba yetu ilikaa chini yake kidogo, bati limeshika kutu, migomba minne nyuma. Baba alifariki nikiwa sijui hata kumwita. Tulikuwa mama na mimi, na nyumba ile haikuwa yetu. Hilo nililijua mapema, kwa sababu kila bati lilipovuja mama alisema, “Nyumba ya serikali hii, mwanangu. Sisi tumepita tu.”

Mama alikuwa mwenyekiti wa chama cha walimu kwa upande wetu wa wilaya. Msidhani ni cheo chenye gari. Alikuwa na baiskeli, mkoba wa turubai, na miguu. Jumamosi alikwenda Mbuba kusikiliza mwalimu aliyenyimwa likizo ya uzazi, Jumapili baada ya misa alikuwa ameketi na kijana mgeni aliyepangiwa shule isiyo na nyumba, analala stoo na majembe ya wanafunzi. Walimu walimpenda. Vijana wa kiume walimwamkia kabla hajawafikia, na aliyekuwa wa kwanza siku zote ni katibu wake, Mwalimu Laurenti, kijana mrefu wa Nyakisasa ambaye hakuwahi kupatana na herufi l na r isipokuwa kwenye jina lake mwenyewe. “Shikamoo, Mwarimu!” Alikuwa akipaza sauti tangu kwenye kona ya migomba, na mama akacheka huku akiitikia marahaba.

Sasa niwaeleze kuhusu daftari. Ofisini kwa mwalimu mkuu, juu ya meza ya mlangoni, lilikaa daftari kubwa la mahudhurio lenye jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi wa katani ili wasomi wasiiibe. Kila mwalimu akifika aliandika jina, saa na sahihi. Ikitimia saa moja na nusu, Mwalimu mkuu Nestori, mzee mpole mwenye koti moja la mwaka mzima, alitoa rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari. Aliyesaini juu ya mstari amewahi. Aliyesaini chini yake amechelewa, na mkaguzi akija ataona.

Mimi mstari ule niliuogopa kuliko nyoka, na nilikuwa na sababu yangu. Kulikuwa na Mwalimu Fokasi, aliyetufundisha kuimba. Alichelewa mara tatu katika wiki moja, na mara zote tatu niliona jina lake chini ya wekundu ule. Mwezi uliofuata tulimwona anafunga godoro kwenye baiskeli. Watu wazima walisema amehamishiwa Biharamulo, huko porini, na wakatikisa vichwa. Baadaye sana nilikuja kujua aliomba uhamisho mwenyewe, akamfuate mchumba. Lakini akili ya mtoto haipendi habari ndefu. Nilihitimisha kwamba mstari ndio uliomla. Jina lako likiwa juu yake unabaki na nyumba. Likiwa chini, au lisipokuwepo kabisa, unafunga godoro. Siku hizi ninafundisha Biharamulo hiyo hiyo, ninalala vizuri, na pori silioni.

Ndipo ukaja mgomo.

Sikuelewa madai yao yote. Nilisikia madaraja, nyumba, likizo, matibabu, maneno yaliyorudiwa mezani kwetu jioni baada ya jioni huku mimi nikimenya viazi kwenye kona. Nilichoelewa ni mpango, kwa sababu mama aliueleza kama anavyofundisha hesabu. Jumatatu hakuna mwalimu atakayekanyaga ofisini. Hakuna atakayesaini. Mwalimu mkuu atapiga mstari wake kwenye karatasi nyeupe, katika kila shule, na karatasi hizo ndizo zitakazopelekwa wilayani.

“Hatutupi jiwe, hatumtukani mtu,” mama alisema. “Karatasi nyeupe ndiyo barua yetu. Ikiwa na jina hata moja, si barua tena.”

“Hata moja haritakuwepo, Mwarimu,” Laurenti akajibu, na wote wakamcheka, na yeye akacheka pia.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili, jua likiwa bado juu, afisa mmoja wa elimu kutoka wilayani alikuja kwa pikipiki. Hakuivua kofia yake. Mama alimkaribisha chai. Akasema hakuja kunywa chai. Mimi nilikuwa jikoni, kibanda cha nyuma ambacho ukuta wake una nyufa za kutosha kusikia hata mtu akimeza mate.

“Mwalimu Verediana, mimi nakuheshimu,” alisema. “Kwa hiyo nakwambia mapema. Kesho jina lako lisipokuwa juu ya mstari, usije ukanililia. Kazi utaikosa, na nyumba hii utaiachia wengine. Una mtoto wewe.”

“Ninaye,” mama akasema.

“Basi mfikirie.”

“Ndiye ninayemfikiria, afisa. Akija kuwa mwalimu, akute kazi yenye heshima.”

Pikipiki iliondoka, na mama akaja jikoni akaendelea kusonga ugali kana kwamba aliyekuja alikuwa muuza sabuni. Mimi niliyamwaga maharage. Nilikuwa nimeshaliona godoro letu juu ya baiskeli.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mkono wangu. Nilizaliwa wa kushoto. Shuleni niliandika kwa kulia kwa hofu ya fimbo, lakini nyumbani mama aliniacha, akisema Mungu hakukosea kuhesabu mikono. Na kwa kushoto huko nilikuwa na mchezo wangu: kuchora jogoo wa mama. Nilimchora kwa kijiti kwenye vumbi la uani, kwa mkaa kwenye jiwe, nyuma ya madaftari yaliyokwisha. Mama aliwahi kuniona akacheka, akasema jogoo wangu analala upande, huenda ana usingizi.

Jumatatu asubuhi aliketi mlangoni na ungo wa maharage, mlango wazi, ili kila apitaye amwone yuko nyumbani. Mimi alinituma shule. “Wewe hujagoma. Nenda.” Wiki hiyo nilikuwa na zamu ya kujaza maji pipa la ofisini. Nilipanda kilima na kidumu changu. Watoto walikuwa wametapakaa uwanjani wakipiga kelele, maana hakuna kengele wala mwalimu. Mwalimu mkuu Nestori alisimama peke yake kwenye mlingoti wa bendera, rula kwapani, akitazama barabara.

Hakuna aliyenisimamisha. Mtoto mwenye kidumu cha maji shuleni ni sawa na kiti. Niliingia ofisini, nikamimina maji, nikageuka, na daftari lilikuwa pale limefunguliwa. Karatasi ilikuwa nyeupe kabisa. Saa ya ukutani ilibakiza robo saa.

Nawaambia ukweli, sikufikiri. Ningefikiri, ningeogopa. Niliona tu ule mstari unakuja kuimeza nyumba yetu, na kwamba mtu pekee anayeweza kuuzuia ni mimi. Nikaandika Verediana. Nikaandika saa moja na dakika kumi. Nikamchora jogoo, kwa kushoto, kwa haraka, na ubavu wa kiganja changu ukaupitia wino kabla haujakauka, ukauburuta. Nikatoka na kidumu kitupu. Nilipofika kwenye migomba nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena hadi leo.

Afisa alifika saa moja na nusu kamili. Nilikuwa nimerudi uwanjani; kilichofuata kingine nilikiona na kingine nilisimuliwa. Mwalimu mkuu alipiga mstari wake huku afisa amesimama nyuma yake, na mkono wa mzee ukakwama katikati alipoliona jina. Afisa alilichukua daftari lenyewe, akalifunga nyuma ya pikipiki, akazunguka nalo shule moja hadi nyingine, Mugoma mpaka Mbuba. Kila alipofika alilifungua. “Mwenyekiti wenu ameingia kazini saa moja na dakika kumi. Ninyi mnamgomea nani?” Hadi saa sita mchana walimu walikuwa wakirudi madarasani mmoja mmoja, vichwa chini. Mgomo uliotayarishwa kwa miezi ulikufa kabla ya chakula cha mchana.

Laurenti alikuja mchana huo kwa baiskeli, jasho linamtiririka. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anafika kwetu bila shikamoo.

“Mwarimu, umetuuza?”

Mama aliinuka na ungo wake. “Nimekaa hapa tangu asubuhi nachambua maharage. Waulize majirani.”

“Nimeiona kwa macho yangu! Jogoo wako yure, nani asiyemjua?”

Mama aliweka ungo chini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Amekaaje huyo jogoo?”

“Amerara upande. Na wino umevurugika. Uriandika kwa haraka, Mwarimu, kama mwizi.”

Laurenti alisubiri, akatema mate pembeni, akapanda baiskeli. Ndipo mama akageuka akanitazama. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti nakula ndizi ya kuchoma. Akaniita. Akamimina maji kwenye beseni, akashika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akakuta ubavu wa kiganja umejaa wino wa bluu mpaka kidole cha mwisho. Akaanza kuusugua kwa dodoki na majivu. Alisugua polepole, muda mrefu, hata wino ulipokuwa umekwisha. Nikaona chozi limening'inia kwenye kidevu chake, nikadhani ni moshi. Nilijisikia mtoto anayependwa kuliko wote duniani.

Kikao kilikuwa kesho yake alasiri, kwenye ukumbi wa parokia. Mama hakutaka kuniacha peke yangu, akaniketisha kwenye kibaraza cha nje, chini ya dirisha, na mkeka. Niliyasikia yote. Walimu wa kata zile walijaa, na wengine walisimama. Daftari lilikuwa limerudishwa, likawekwa mezani mbele. Mwalimu mkuu Nestori aliketi karibu nalo ndani ya koti lake.

Laurenti ndiye aliyesimama. Nadhani hata wakati ule alikuwa bado anatafuta njia ya kumwokoa.

“Mwarimu Verediana, swari ni fupi,” alisema. “Sahihi hii ni yako? Kama si yako sema tu, si yako, tuyamarize. Maana daftari ririkuwa kwa nani? Ririkuwa kwa mkuu!”

Ukumbi wote ukamgeukia mzee Nestori. Nilichungulia. Mzee alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu, na kughushi sahihi ya mtumishi si mchezo, mtu hufungwa. Mtu wa nyuma akapiga kelele kwamba mkuu amehongwa. Mwingine akasema apelekwe polisi leo hii. Watu walianza kuinuka.

“Mwacheni mzee wa watu,” mama akasema.

Alikuwa amesimama, na kutoka pale alipokuwa aliweza kuliona dirisha, na mimi nikiwa nimelishikilia kwa vidole. Aliniangalia kwa muda wa pumzi moja.

“Sahihi ni yangu.”

“Kwa nini?” Laurenti aliuliza, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

“Niliogopa,” mama akasema. “Niliogopa kufukuzwa. Nina mtoto.”

Na mimi pale dirishani, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilirukaruka kwenye mkeka kwa furaha. Jogoo wangu amekubalika! Mama mwenyewe amesema ni wake! Nilijua sasa hakuna atakayetutoa kwenye ile nyumba. Sikuelewa kwa nini ndani watu walikuwa wanazomea, nikadhani wanamzomea Mwalimu mkuu. Walipoombwa wanyooshe mikono wanaotaka mwenyekiti aondoke, niliona mikono mingi, nikajua mama ameshinda.

Watu walitoka wakimpita kwenye mlango kama wanavyoupita mzigo usio na mwenyewe. Laurenti alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yake, na nilimwona anafumbua midomo kama aliyetaka kumwamkia. Akaifumba. Akaenda zake.

Baada ya hapo maisha yangu yakawa mazuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mama alirudi nyumbani saa kumi kila siku. Hakuna vikao, hakuna safari za Jumamosi. Tulilima mchicha. Afisa hakuja tena. Sokoni walimu wa kike walikuwa wakiangalia nyanya kwa bidii sana sisi tukipita, nami nikadhani ni wachaguzi. Jambo moja tu lilinikera. Mama alinigeuka kuhusu mkono wangu. Alianza kunifunga kushoto kwa kipande cha kanga wakati wa kuandika, hata nyumbani, na nilipolia akasema, “Kulia, mwanangu. Kulia tu.” Nilimnunia kwa hilo miaka mingi. Nilijiambia, kumbe naye ni walewale wa fimbo.

Sikufumbuka macho hadi nilipoajiriwa. Asubuhi yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini Biharamulo, nikakuta daftari mezani, nikasaini, na mwalimu mkuu akapiga mstari wake mwekundu chini ya jina langu. Nikaketi kwenye kiti cha wageni, wakaniletea maji, wakidhani ni malaria. Nilikuwa nimeelewa, kwa mara moja, karatasi nyeupe ilikuwa na maana gani na mimi niliifanya nini.

Mngedhani nilikwenda kumwambia. Sikwenda. Kila likizo nilirudi na maneno mdomoni nikayameza na chai. Nilijipa moyo kwamba hajui. Kwamba siku ile alimlinda mzee Nestori tu. Alikuwa bado anawasaidia walimu, lakini kwa mlango wa nyuma. Kijana mwenye shida na uhamisho alikuja jioni, mama akamwandikia barua nzuri isiyo na tusi wala machozi, akampa ainakili au amtafute mtu mwingine aitie sahihi. “Yangu itakuharibia,” alikuwa akisema, na kusema kwake hakukuwa na uchungu. Barua za namna hiyo zilitembea Ngara yote bila jina lake.

Mazishini walikuja walimu vijana wengi kuliko nilivyotegemea. Wasifu uliosomwa ulisema aliacha uongozi wa chama kwa sababu za kifamilia. Aliyeuandika ni mimi. Laurenti hakuja.

Sasa pale masijala, tarehe mbili mbele yangu, kila kitu kilijipanga: dodoki, kanga, na jina zima la herufi za duara ambalo hakuna jogoo wala mkono wa kushoto unaoweza kulisaliti. Alijua tangu siku ya kwanza. Alinificha ndani ya nyumba yetu wenyewe, akaufunga ushahidi kwa kipande cha kanga. Nilimkasirikia pale pale kaunta. Mama, kwa nini hukunipiga? Ungenipiga yangekwisha. Lakini nani angemwamini mtoto wa miaka kumi? Wangesema umemtuma.

Nilimkuta Mwalimu Laurenti Nyakisasa, anaanika kahawa uani kwake. Amezeeka, mgongo umepinda, urefu umebaki kwenye mikono tu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.” Aliniangalia sana. “Wewe ni wa Verediana.”

“Ndiyo. Nimekuja kwa ajili ya sahihi yake.”

Alicheka vibaya. “Sahihi tena?”

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, bila kupumzika, kidumu, saa ya ukutani, dirisha, kucheka kwangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuzigeuza punje za kahawa kwa kiganja.

“Mtoto humsafisha mama yake akishakufa,” akasema hatimaye. “Sikuraumu. Hata mimi ningefanya hivyo.”

Sikuwa na shahidi. Nikatoa kalamu mkobani. Kwa miaka yote hiyo kushoto kwangu kumeshika kisu, jembe, mtoto, lakini si kalamu. Nikaishika kwa kushoto huko. Nikainama kwenye kigoda chake, nyuma ya nakala ya barua ya mama niliyopewa masijala, nikamchora jogoo. Alilala upande. Ubavu wa kiganja changu ukapita juu yake, ukauburuta wino.

Mwalimu Laurenti aliitazama karatasi, kisha akaushika mkono wangu akaugeuza, vilevile kama alivyofanya mama. Wino ulikuwa pale pale, mpaka kidole cha mwisho. Akaigeuza karatasi upande wa mbele, penye sahihi ya pili, akaisoma kwa ukucha, herufi moja baada ya nyingine.

“Mwandiko huu naujua,” alisema. “Waripotaka kunihamisha mke wangu akiwa mgonjwa, kijana mmoja ariniretea barua tayari, nitie sahihi tu. Iriniokoa. Sikuuriza nani kaiandika.”

Alithibitisha karatasi zangu siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe hadi nyumba ndogo ambayo mama alijijengea baadaye, amevaa koti, ameshuka kwenye bodaboda kona ya migomba akatembea. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye udongo wa kaburi ambao ulikuwa bado haujashuka. Alivua kofia. Alisimama miguu pamoja, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

“Shikamoo, Mwarimu,” akasema. “Nimecherewa. Niandike chini ya mstari.”

Kisha akasubiri, kama mtu anavyosubiri aliyemwamkia aitikie.